Mfereji wa Paa la Bi Pimbi

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakijenga nyumba za udongo na kuziezeka kwa bati, palifanyika kikao katika kijiji cha Kingamvua, juu mlimani, siku chache kabla ya masika. Waliohudhuria nitawataja mmoja mmoja, asije mtu baadaye akadai alikuwepo naye hakuwepo.

Alikuwepo Kobe, katibu wa kijiji, ambaye alifika wa kwanza kwa sababu alianza safari jana yake. Alikuwepo Ngiri na mkewe, wote wawili wakipiga miayo. Alikuwepo Nungunungu, aliyekaa peke yake kwa sababu zinazoeleweka. Alikuwepo Nyani, fundi wa bati. Alikuwepo Kanga, mwenye maneno mengi. Alikuwepo Bi Pimbi, mjane, ambaye mumewe alichukuliwa na Tai; alikuja na watoto wake wawili, Kokoto na Changarawe. Nasema pimbi, yule mdogo akaaye penye mawe, si pelele apigaye kelele mtini; watu wengi huwachanganya.

Mwisho alikuwepo Chui, mwenyekiti wa kijiji. Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa Madoadoa, lakini hakuna aliyethubutu kulitamka. Wote walimwita Mwenyekiti.

Digidigi hakuwepo. Kigoda chake kilikuwa pale pale, kitupu, na hakuna aliyekikalia.

Sasa sikilizeni vizuri. Kingamvua hapakuwa na mto wala kisima. Maji yote ya kunywa yalitoka mbinguni, yakaanguka juu ya bati, yakakusanywa na mfereji wa paa, yakateremka kwa bomba mpaka kwenye pipa. Siku hizi mafundi huuita mfereji huo gata. Mimi nitauita mfereji wa paa, maana ndilo jina lake.

Kila kiangazi mifereji hujaa majani, vumbi na viota vya ndege. Masika yakiikuta hivyo, maji hukosa njia, humwagika ukutani, na ukuta wa udongo ukinywa maji siku nyingi huanguka. Kwa hiyo kabla ya masika ilikuwapo siku ya kusafisha mifereji, nayo iliitwa Siku ya Ngazi.

Desturi yao ilikuwa hii. Mwenye nyumba hasafishi mfereji wake mwenyewe. Husafishiwa na jirani, kwa kuwa jicho la mwenye nyumba limeshauzoea uchafu wake. Jirani hupanda juu, mwenye nyumba hushika ngazi chini. Siku hiyo hakuna jino wala ukucha. Na paa likishasafishwa, halipandwi tena na yeyote mpaka masika yaishe. Kulipanda ni sawa na kumwambia jirani yako, "Wewe ni mchafu na mwongo." Aliyetenda hivyo alifukuzwa kijijini akalale porini, na hukumu ilitolewa na mwenyekiti.

Mwenyekiti ndiye aliyechagua kwanza nyumba atakayoisafisha. Mwaka uliotangulia alichagua nyumba ya Digidigi. Masika yalipopamba moto, ukuta wa Digidigi ulianguka. Asubuhi hakuonekana Digidigi, wala mkewe, wala mtoto wao. Chui alikuja kutoa rambirambi huku akijilamba masharubu, akasema wamechukuliwa na mafuriko. Hakuna aliyeuliza ni mafuriko gani hayo yanayochukua watu juu ya mlima.

Basi kikaoni Kobe akasafisha koo. "Mwenyekiti, tunangoja uchague."

Chui akawatazama wote, taratibu, kama mtu anayetazama nyama buchani.

"Mwaka huu," akasema, "nitamsaidia mjane. Nachagua nyumba ya Bi Pimbi."

Ngiri aliacha kupiga miayo.

Bi Pimbi alitaka kusema hapana. Lakini kumkataa jirani Siku ya Ngazi ni kumtukana, na aliyetukanwa ndiye mwenye kuhukumu. Akainamisha kichwa.

"Ahsante, Mwenyekiti," akasema.

"Usijali, mama," akasema Chui. "Jirani ni ndugu."

*

Siku ya Ngazi, Chui alifika asubuhi na gunia begani.

"Hodi! Hodi!"

"Karibu, Mwenyekiti. Shikamoo."

"Marahaba. Watoto hawajambo?"

"Hawajambo."

"Wamenenepa?"

"Wanakua, Mwenyekiti."

"Ndivyo inavyotakiwa. Gunia hili ni la kufutia vumbi. Shika ngazi, tafadhali, na uishike vizuri. Nikianguka nitakuangukia wewe."

Akapanda. Ngazi ikalia kwii! kwii! kwii! Bi Pimbi aliikumbatia kwa mikono yote miwili, akafumba macho.

Kwa kweli Chui alifanya kazi. Lazima niseme hivyo, maana ndivyo ilivyokuwa. Majani makavu yalianguka chini, vup! vup! Kikaanguka kiota cha shomoro. Likaanguka rundo la vumbi la kiangazi kizima. Kisha akasema:

"Nipe maji tujaribu."

Bi Pimbi akampa kopo. Chui akalimimina kwenye mfereji, na maji yakakimbia chororororo, yakaingia katika bomba, yakaanguka ndani ya pipa, pwa! Kokoto na Changarawe, waliokuwa wakichungulia mlangoni, wakapiga makofi.

"Umeona?" akasema Chui. "Mfereji mzima kabisa. Ngoja kidogo, nimeona jani moja limebaki."

Akajinyoosha juu ya upenu, kule kushoto, mahali bomba linapoanzia. Kutoka chini Bi Pimbi hakuona mikono yake. Aliuona mkia tu. Mkia wa Chui huchezacheza wakati wote. Sasa ulitulia tuli.

Watoto wangu, mkia wa chui ukitulia, jueni ana kazi.

Kisha Chui akateremka, akapangusa viganja vyake, akaaga. Alipanda na gunia. Alishuka bila gunia.

Swali lilimfika Bi Pimbi mpaka ncha ya ulimi: Gunia lako liko wapi, Mwenyekiti? Akaling'ata swali lile, akalimeza. Maana alikuwa amekumbuka kitu. Mwaka jana, walipokwenda kutazama magofu ya nyumba ya Digidigi, aliona katikati ya tope gunia limevimba maji, limeviringishwa kama mkeka. Alidhani ni gunia tu la mahindi.

"Mbona unanitazama hivyo, mama?" akauliza Chui.

"Nakushukuru, Mwenyekiti."

"Utanishukuru zaidi masika yakija."

Akaenda zake, akaketi barazani kwake, ng'ambo ya njia, mahali ambapo paa la Bi Pimbi lilionekana lote.

*

Ni lazima niwaeleze nyumba ile ilivyokaa, mpate kuelewa yaliyofuata.

Mfereji ulipita mbele ya nyumba, chini ya upenu, kutoka kulia hadi kushoto. Ulishikiliwa na nyaya zilizofungwa kwenye boriti za paa. Kushoto ndiko kulikuwa na bomba na pipa, na nyuma ya ukuta wa kushoto ndiko kulikuwa na chumba cha kulala. Kulia lilisimama jiko, kijumba cha peke yake cha udongo, kimeezekwa bati, na juu ya bati yamewekwa mawe makubwa ili upepo usilipeperushe. Ukuta wa jiko ulikuwa karibu mno na ncha ya kulia ya mfereji. Hata Kanga asingepenya katikati. Na ukiketi mlangoni mwa jiko, mlango wa nyumba uko pembeni kwako. Chui angeufikia kwa mruko mmoja.

Mchana ule Bi Pimbi alijifanya anachota maji kwenye pipa. Akachukua fimbo, akaiingiza katika bomba kutoka chini. Fimbo ikakwama kwenye kona ya bomba. Akatafuta nyingine, nyembamba. Ikavunjika, ta!

"Unatafuta nini, jirani?" sauti ikatoka ng'ambo.

"Chura, Mwenyekiti! Chura ameingia bombani!"

"Mwache. Naye anatafuta pa kuishi."

Bi Pimbi akaingia ndani, akafunga mlango, akaketi sakafuni. Alifikiri kukimbilia kwenye mawe ya wazazi wake. Lakini kutoka Kingamvua mpaka kwenye mawe yale ni uwanda mtupu, nyasi fupi, hakuna hata kichuguu. Yeye angeweza kukimbia. Changarawe, mwenye miguu mifupi, asingefika hata nusu ya njia.

Alifikiri kwenda kwa Kobe. Akaenda, akamwambia yote kwa kunong'ona. Kobe alimsikiliza mpaka mwisho, kisha kichwa chake kikaanza kurudi ndani ya gamba, kidogo kidogo.

"Nakuamini, Bi Pimbi," sauti ikatoka ndani ya gamba. "Lakini nani atapanda? Ukipanda wewe, umemtukana. Nikimtuma Nyani, nimemtukana mimi."

"Kwa hiyo tungoje tufe?"

Kichwa kikazama chote ndani ya gamba.

*

Masika yalianza kwa mvua ndogo. Maji yalishuka juu ya bati, yakakimbilia kushoto kama kawaida, yakakuta gunia. Yakajaa. Yakafurika juu ya ukingo, yakaanza kumiminika juu ya ukuta wa chumba cha kulala. Chu! chu! chu!

Mvua ilipokoma, Bi Pimbi aliweka kiganja ukutani kwa ndani. Ulikuwa baridi kama pua ya mbwa. Mvua ya pili ilipopita, aliubonyeza kwa kidole, na kidole kikaingia.

"Mama," akasema Kokoto, "ukuta una jasho."

"Lala, mwanangu."

"Mama, Mwenyekiti anatutazama."

Kweli, Chui alikuwa barazani kwake, amekunja mikono, anautazama ukuta ule kama mpishi anayekitazama chungu cha maharage.

Bi Pimbi akaleta sinia kukinga maji yaliyoanza kupenya. Sakafu haikuwa sawa. Sinia likakaa upande. Maji yaliyodondoka ndani yake yakatulia kidogo, kisha yakakimbilia ukingo wa chini, yakamwagikia kule.

Bi Pimbi akalitazama sinia. Akaliinua upande huo wa chini. Maji yakakimbilia upande wa pili.

Akayainua macho taratibu mpaka darini, penye upenyo kati ya ukuta na bati, ambamo nyaya za mfereji zilikuwa zimefungwa kwenye boriti. Paa halikuruhusiwa kupandwa. Lakini nani aliyewahi kukataza mtu kusimama juu ya kitanda chake mwenyewe, ndani ya nyumba yake mwenyewe, akanyoosha mkono?

Mvua nyingine ilipoanza, ikawa kama pazia mbele ya macho ya Chui, Bi Pimbi alipanda kitanda, akapitisha mikono yake midogo kwenye upenyo. Pimbi ana viganja kama mpira, hushika asichoweza mwingine kushika. Upande wa kushoto akaukaza waya. Kisha akakisukuma kitanda hadi ukumbini, upande wa kulia, akalegeza mwingine. Mfereji ukalia nyiii! ukalala upande.

Akasikiliza, pumzi ameibana.

Upande wa chumba: chu... chu... kimya.

Upande wa jiko: chururururu!

Kuanzia hapo, maji yote ya paa la nyumba yaliangukia ukuta wa jiko, mvua baada ya mvua. Bi Pimbi alihamishia vyungu vyake ndani ya nyumba, akapikia ukumbini. Lakini hofu haikumtoka. Ukuta wa chumba ulikuwa umekwisha kunywa maji mengi. Ukuta wa jiko ndio kwanza ulikuwa unaanza. Upi utaanguka kwanza? Hakuna aliyeweza kumwambia.

*

Ikafika siku ya mvua kubwa. Tangu mchana mbingu ilikuwa nyeusi kama sufuria kwa nje. Ndege walinyamaza. Upepo ukaanza kuvuta mabati, kwaa! kwaa!

"Hodi, jirani!"

Bi Pimbi akafungua mlango ufa mdogo. Chui alikuwa amesimama uani, manyoya yamelala vizuri, amejipaka hata mafuta.

"Shikamoo, Mwenyekiti."

"Marahaba. Nimekuja kuwajulia hali. Mvua ya leo si ya mchezo. Ukuta wako unauonaje?"

"Ee, Mwenyekiti! Ukuta wa chumba umevimba kama tumbo la Ngiri! Naogopa!"

Na hapo hakuwa akisema uongo. Aliogopa kweli, na Chui aliiona hofu hiyo, akafurahi.

"Pole sana," akasema. Kisha akainua macho, na macho yake yakasimama. "Mfereji huu mbona umelala upande?"

Nyuma ya sketi ya Bi Pimbi, Changarawe alianza kulia kwa sauti ya chini.

"Umelemewa na maji, Mwenyekiti," akasema Bi Pimbi. "Labda waya ndio mbovu. Mimi sijui. Wewe ndiye uliyeusafisha. Mimi ni nani niupande kuutazama? Nimwite Nyani apande?"

"Hapana!" akasema Chui upesi. "Hapana, hapana. Desturi ni desturi. Usimsumbue Nyani."

"Basi tufanyeje?"

"Kaeni humo humo ndani. Fungeni madirisha. Mimi nitakaa hapa nje, niwalinde. Ukuta ukianguka, tokeni mbio kwa mlango huu huu, nami nitawapokea."

"Wewe? Ukae nje kwenye mvua?" Bi Pimbi akashika mashavu. "Mwenyekiti mzima aloe kama kuku wa kunyonyolewa? Kanga atatangaza kijiji kizima! Hapana, baba. Jikoni kuna kigoda na bati juu ya kichwa. Keti humo, karibu na mlango. Ukuta ukianguka tutakimbilia kwako."

Masharubu ya Chui yakatetemeka. "Mtakimbilia kwangu?"

"Tuna nani mwingine?"

Chui akacheka mpaka meno yote yakaonekana, akaingia jikoni. Mara akatoa kichwa.

"Vyungu vyako viko wapi?"

"Nimevileta ndani, Mwenyekiti. Vinakinga matone."

"Masikini!" akasema Chui, akarudi ndani. Kigoda kikalia kwi! chini ya uzito wake.

Bi Pimbi akafunga mlango, akaweka komeo, akaweka na meza.

*

Ngurumo ikapiga, gruuum! na mvua ikashuka. Sijui niielezeje mvua ile. Juu ya bati ilikuwa kama mtu anamwaga kokoto kwa magunia. Maji yakajaa mfereji, yakakimbilia kulia, yakaruka, yakaupiga ukuta wa jiko bila kupumzika.

Ndani, Bi Pimbi na wanawe walisimama wameegemeza migongo yao kwenye ukuta wa chumba, kana kwamba migongo mitatu midogo ingeweza kuuzuia. Donge la udongo likaanguka begani kwa Kokoto, po!

"Mama!"

"Egemea, mwanangu. Usisogee."

"Bi Pimbi!" sauti ya Chui ikapenya mvua. "Ukuta vipi?"

"Bado, Mwenyekiti! Unatikisika!"

"Vizuri! Nasema, poleni!"

Ikapita kitambo. Likaanguka donge jingine, kubwa zaidi, na mwanga mwembamba wa nje ukaingia kupitia ufa. Changarawe aliuona, akaficha uso wake kwapani mwa mama yake. Bi Pimbi aliweka kiganja juu ya ufa ule. Maji yakampitia kati ya vidole.

"Bi Pimbi!"

"Naam, Mwenyekiti!"

"Mbona unachelewa ukuta huu? Wa Digidigi haukuchukua muda mrefu hivi!"

Chui alijua amesema neno lililopaswa kubaki tumboni. Kisha akacheka.

"Aa, haidhuru," akasema. "Utamwambia nani?"

Kwa mara ya kwanza machozi yalimtoka Bi Pimbi, si kwa ajili yake, bali kwa ajili ya mtoto yule wa Digidigi, ambaye alikuwa na desturi ya kuja kucheza na Changarawe uani.

Kutoka upande wa jiko ikasikika sauti ndogo. Nyaa. Kama mti unaojinyoosha.

"Bi Pimbi!" Chui akaita. "Humu jikoni kunavuja!"

Bi Pimbi akafumba macho. Alikuwa na jibu moja tu, na akalitoa kwa sauti ya mwenyeji anayemjali mgeni wake.

"Pole, Mwenyekiti! Hapo mlangoni panavuja siku zote! Sogea ndani, uegemee ukuta wa upande huu wetu! Hapo ndipo pakavu!"

"Upande wenu?"

"Ndiyo, baba! Na ukiegemea hapo utatusikia hata tukikohoa!"

Wakasikia kigoda kikiburutwa. Kwaru, kwaru, kwaru. Wakasikia mgongo mzito ukiegemea udongo mbichi.

"Ukuta huu ni baridi, Bi Pimbi," akasema Chui, karibu kabisa. Kisha kwa sauti nyingine: "Bi Pimbi! Bi Pimbi, ukuta huu una ma..."

Gubuuu!

Ardhi ikatikisika. Mabati yakapiga kelele, na mawe ya juu ya bati yakafuata, gudu! gudu! gudu! moja baada ya jingine, na la mwisho likachelewa kidogo, likaanguka peke yake.

Baada ya hapo ikabaki mvua tu.

Hawakufungua mlango. Waliegemea ukuta wao mpaka mvua ilipokwisha na kulipopambazuka, na ukuta ule, sijui kwa nini, ulisimama.

*

Asubuhi majirani walikusanyika uani. Alikuja Ngiri na mkewe, akaja Nungunungu, akaja Kanga akiuliza maswali asiyongoja majibu. Kobe alifika baada ya wote. Waliyatazama mabaki ya jiko. Chini ya mawe na bati ulionekana mkia, umetulia tuli.

"Alikuwa akifanya nini jikoni kwako?" akauliza Kanga.

"Alikuja kutulinda," akasema Bi Pimbi. "Katibu, naomba neno moja. Aliyeusafisha mfereji wangu sasa hawezi kutukanwa na mtu. Naomba Nyani apande."

Kobe alitoa kichwa chote nje ya gamba, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu mwaka jana.

"Panda, Nyani," akasema.

Bi Pimbi akashika ngazi. Nyani akapanda, akaingiza mkono katika mdomo wa bomba, akavuta. Hakikutoka kitu. Akavuta tena kwa mikono miwili. Likatoka gunia limevimba, limeviringishwa, linatiririka maji meusi. Akalitupa chini, pwata! Na maji yaliyokuwa yamebaki kushoto mwa mfereji yakapata njia yao, chororororo, yakaingia ndani ya pipa.

Kila mmoja alilitambua gunia lile, maana kila mmoja alikuwa ameliona jingine kama hilo mwaka jana na hakusema. Mmoja baada ya mwingine waligeuka, wakatazama kiwanja cha Digidigi kilichoota magugu. Ngiri akavua kofia.

"Tulinyamaza," akasema Nungunungu.

Nyani alikaza waya wa kulia, akalegeza wa kushoto, mfereji ukarudi kulala ulivyopaswa kulala, naye hakudai chochote. Ngiri na mkewe walikanda udongo, wakaziba ufa wa ukuta wa chumba.

Mafunzo yake ni haya: ukiziba njia ya maji ya jirani yako, usiulize yatapita wapi.

Na Kobe, kwa kuwa ndiye katibu na ndiyo kazi yake, alipita nyumba hadi nyumba siku ile yote na kesho yake, akisimama kila mlango kutoa taarifa, na akilitaja jina kwa ukamilifu. Alisema hivi: Madoadoa amekufa.